Mashudu yameongeza lita, mbona mafuta ya maziwa yameshuka?

SWALI: Nina ng'ombe wanne wa maziwa. Kwa miezi miwili sasa nawapa mashudu ya alizeti ninayochukua moja kwa moja kwenye mashine ndogo ya kukamua mafuta. Kila ng'ombe anapata kilo 4 kwa siku, pamoja na kilo 3 za pumba za mahindi na majani ninayoyasaga kwa mashine yawe laini. Maziwa yamepanda kutoka lita 11 hadi 12.5 kwa kila ng'ombe, lakini mafuta yameshuka kutoka asilimia 3.9 hadi 3.1, na mnunuzi ananishuku kwamba natia maji. Siagi nayo imekuwa laini. Wapo wanaonishauri nihamie mashudu ya pamba, na wengine ya karanga. Je, niache alizeti? Na maziwa haya ni salama?

JIBU: Usiyaache. Yapunguze hadi kilo 2 kwa siku, na kuanzia leo usihesabu kilo za mashudu peke yake. Hesabu gramu za mafuta yaliyobaki ndani yake. Lita zilizopanda na mafuta yaliyoshuka vimetoka kwenye gunia moja, lakini kila kimoja kina sababu yake. Ukizitenganisha sababu hizo utabaki na lita zako na mafuta yatarudi.

Nianze na hiyo shutuma ya maji, maana inagusa jina lako. Maziwa yaliyotiwa maji hujulikana kwenye laktomita, kifaa cha kupima uzito wa maziwa: kipimo hushuka chini ya kiwango cha kawaida, ambacho huwa kati ya 1.028 na 1.032 hivi. Maziwa yako yamepungukiwa mafuta, na mafuta ni mepesi kuliko maji. Yakipungua, laktomita haishuki, hupanda kidogo. Mwombe mnunuzi apime vyote viwili, mafuta na uzito, mbele yako. Mafuta yakiwa chini na laktomita ikawa ya kawaida, jambo la kutazama ni hori la chakula, wala si ndoo.

Sasa shika kalamu. Lita 11 zenye mafuta asilimia 3.9 ni takriban gramu 440 za mafuta kwa siku. Lita 12.5 zenye asilimia 3.1 ni takriban gramu 400. Ng'ombe wako anajaza ndoo zaidi huku akitoa mafuta machache kuliko alivyokuwa akitoa zamani. Kwa hiyo si kweli kwamba mafuta yaleyale yametawanyika ndani ya maziwa mengi. Kiwele chenyewe kimepunguza kazi ya kutengeneza mafuta. Nasisitiza hili kwa sababu wafugaji wengi huambiwa kwamba maziwa yakiongezeka ni lazima mafuta yapungue, wakaridhika na jibu hilo, na tatizo linaloweza kurekebishwa likaendelea msimu mzima.

Lita zimepanda kwa sababu ya protini. Majani na pumba peke yake vilikuwa havimtoshi. Bakteria wa rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza, wanahitaji naitrojeni ili wazaliane na kumeng'enya majani, na wao wenyewe baadaye humeng'enywa wakawa protini ya ng'ombe. Mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa pamoja na maganda yake huwa na protini asilimia 25 hivi, na yakiwa yamepunguzwa maganda hufika 30 na zaidi. Protini hiyo huyeyuka upesi ndani ya rumeni, na hivyo ndivyo bakteria wenye njaa wanavyoipenda. Chakula kikameng'enywa vizuri, ng'ombe akala zaidi, ini likapata malighafi ya kutengeneza glukosi, kiwele kikaigeuza kuwa laktosi, yaani sukari ya maziwa, na laktosi ndiyo inayovuta maji kuingia kwenye maziwa. Faida hii ni ya kweli na hatutaki kuipoteza.

Tatizo liko kwenye mashine. Viwanda vikubwa vinavyotoa mafuta kwa kimiminika cha hekseni huacha mafuta asilimia 1 hadi 2 tu kwenye mashudu. Mashine kubwa za kubana kwa moto huacha kama asilimia 6 hadi 10. Mashine ndogo inayobana bila kupasha mbegu, hasa ikiwa imechakaa, inaweza kuacha 15, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Yote hayo yanauzwa kwa jina moja, mashudu ya alizeti, na kwa macho unaweza usione tofauti. Kwa ng'ombe wako tofauti ni kubwa mno.

Tuseme yako yana asilimia 15. Kilo 4 zitakuwa zimebeba gramu 600 za mafuta. Pumba za mahindi zenye kiini cha punje nazo si kavu kama watu wanavyodhani. Zikiwa na asilimia 8, kilo 3 zinaleta gramu 240. Majani, kwa kadirio la kilo 8 za uzito mkavu, yanaongeza kama gramu 200. Jumla ni zaidi ya kilo 1 ya mafuta ndani ya chakula chenye uzito mkavu wa kilo 14 hivi, yaani zaidi ya asilimia 7. Kikomo ambacho wataalamu wa lishe ya ng'ombe hukishikilia ni asilimia 6 hadi 7 kwa jumla, na mafuta ya majimaji ya mbegu yaliyo huru hutakiwa yabaki chini kabisa ya hapo. Umevuka, na umevuka kwa aina ya mafuta ambayo rumeni huyavumilia kwa shida.

Hapa nieleze kinachotokea humo ndani, kwa sababu ukikielewa utaweza kupanga mwenyewe mchanganyiko wowote utakaopata baadaye.

Mafuta ya alizeti yamejaa asidi ya linoleiki. Asidi hii ni sumu kwa bakteria wanaovunja nyuzinyuzi, kwa hiyo bakteria wa rumeni hujikinga kwa kuijaza hidrojeni hatua kwa hatua mpaka inakuwa mafuta magumu wasiyoyaogopa. Ndiyo sababu siagi ya ng'ombe huganda ingawa mnyama anakula majani yenye mafuta laini. Rumeni ikiwa na afya, yenye majani marefu na isiyo na ukali wa asidi, kazi hiyo hupita njia yake ya kawaida na kuishia salama. Mafuta yakiwa mengi mno, au yakiingia kwa mkupuo, au majani yakiwa laini kiasi kwamba ng'ombe hacheui vya kutosha, bakteria wa aina nyingine hushika usukani na kazi hupita njia ya pembeni. Huko njiani hutengenezwa asidi inayoitwa trans-10, cis-12, ambayo ni ndugu wa asidi ya linoleiki. Hiyo ndiyo adui yako.

Mwaka 2000, Lance Baumgard, Dale Bauman na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliiweka asidi hiyo moja kwa moja kwenye tumbo la nne la ng'ombe, wakiiruka rumeni. Kwa gramu 10 tu kwa siku mafuta ya maziwa yalianguka kwa zaidi ya theluthi moja. Asidi nduguye, ile ya cis-9, trans-11, haikupunguza kitu. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba hata gramu 2 hivi kwa siku zinatosha kushusha mafuta kwa kiasi cha asilimia 20. Gramu 2 ndani ya ng'ombe wa kilo 450! Asidi hiyo ikifika kwenye kiwele huzima vimeng'enya vinavyojenga mafuta. Lita haziguswi, protini hubaki karibu palepale, mafuta tu ndiyo huanguka. Linganisha na hali yako: kutoka 3.9 hadi 3.1 ni upungufu wa karibu asilimia 20.

Kwa hiyo majani uliyoyasaga yana hatia sawa na mashudu. Majani yaliyokatwa vipande vya sentimita 3 hadi 5 humlazimisha ng'ombe kucheua, kucheua huleta mate, na mate ndiyo yanayotuliza ukali wa rumeni. Majani yaliyosagwa hupita haraka bila kazi hiyo. Watazame ng'ombe wako wakiwa wamelala na kupumzika: kwa wakati wowote utakaopita, angalau nusu yao wawe wanacheua. Kama kati ya wanne unamkuta mmoja tu, au hakuna, basi umepata nusu ya jibu lako kabla hujagusa mashudu.

Siagi laini isikutie hofu. Karibu nusu ya mafuta ya maziwa hujengwa na kiwele chenyewe kutokana na asetati inayotoka kwenye uchachushaji wa majani. Hayo ndiyo mafuta yenye minyororo mifupi na ya kati. Mengine huja kutoka kwenye chakula kupitia damu. Ukimlisha mafuta ya mbegu, yale ya kujengwa hupungua, na ya chakula, hasa asidi ya oleiki, huongezeka. Asidi ya oleiki ni laini hata kwenye ubaridi. Siagi kama hiyo ni chakula kizuri na hupakika kirahisi kwenye mkate. Ila maziwa yenye mafuta laini mengi huharibiwa na hewa na mwanga upesi zaidi, yakapata ladha kama ya karatasi ngumu. Yahifadhi gizani, kwenye chombo cha chuma kisicho na kutu, na uyapooze mapema.

Sasa la kufanya. Shusha mashudu haya hadi kilo 2. Hapo mafuta yake ni gramu 300, na jumla ya chakula inarudi chini ya asilimia 6. Lakini ukiishia hapo utapoteza protini, na lita zitakufuata kushuka. Jaza pengo kwa kilo 1 ya mashudu yenye mafuta machache, yaliyotoka kiwanda cha hekseni, yawe ya alizeti, ya soya au ya pamba, na kama unaweza ongeza majani ya jamii ya kunde, kama lusina au desmodiamu, badala ya sehemu ya nyasi. Gawa mashudu mara tatu au nne kwa siku ukiyachanganya na majani. Usiwape yote wakati wa kukamua, na usiwape wakiwa na njaa. Watangulize na majani. Badilisha kidogokidogo kwa muda wa wiki mbili.

Zungumza pia na mwenye mashine. Akipitisha mbegu mara ya pili, au akizipasha moto kabla ya kubana, yeye atapata mafuta zaidi ya kuuza na wewe utapata mashudu bora. Ni nadra muuzaji na mnunuzi kufaidika pamoja kwa badiliko moja namna hii. Moto wa kiasi pia huikinga sehemu ya protini isiyeyuke yote kwenye rumeni. Usizidi: mashudu yaliyoungua yakawa kahawia iliyokolea yana protini iliyofungwa ambayo ng'ombe ataipitisha kwenye kinyesi. Kama kuna maabara ya vyakula vya mifugo unayoweza kuifikia, peleka sampuli upimiwe mafuta na protini. Kipimo hicho kimoja kina thamani kuliko ushauri wangu wote wa kukadiria.

Ongeza chokaa ya mifugo, gramu 100 hivi kwa siku. Mashudu na pumba vyote vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mafuta ya ziada huikamata kalsiamu na magnesi yakatengeneza sabuni isiyofyonzwa.

Kuhusu pamba. Mashudu ya pamba ni chakula kizuri kwa ng'ombe aliyekomaa, na kilo 2 hadi 3 kwa siku hazina shida. Yanabeba sumu ya asili iitwayo gosipoli, lakini rumeni iliyokomaa huifunga kwenye protini na kuipunguza makali. Ndama ambaye rumeni yake haijakomaa hana kinga hiyo. Usimpe kabisa katika miezi minne ya mwanzo, na hata baada ya hapo nenda polepole. Dume la mbegu nalo liwekwe mbali nayo, kwa sababu gosipoli huharibu manii. Mbegu nzima za pamba zenye nyuzi zake ni jambo jingine. Zina mafuta karibu asilimia 20, ila yamefungwa ndani ya ganda na hutoka taratibu kadiri ng'ombe anavyocheua, na nyuzi zake humfanya acheue zaidi. Ndiyo maana mara nyingi mbegu nzima hazishushi mafuta ya maziwa, ilhali kiasi kilekile cha mafuta kikimiminwa huru huyaangusha. Protini ya maziwa inaweza kushuka kidogo, asilimia 0.1 au 0.2. Anayetengeneza jibini ataona, wewe hutaona.

Kuhusu karanga nitasema kwa ukali zaidi. Protini yake ni ya juu, asilimia 45 na kuendelea, na ng'ombe huyapenda. Lakini karanga ndizo mbegu zinazoshambuliwa zaidi na sumukuvu aina ya aflatoksini. Sumu hii yenyewe ilianza kujulikana mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza baada ya kula mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Ng'ombe hafi upesi namna hiyo, na hapo ndipo hatari ilipo. Anaendelea kula, anaendelea kukamuliwa, na sehemu ya aflatoksini B1 aliyokula, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 na kwa ng'ombe wa maziwa mengi hata 6, hutoka kwenye maziwa ikiwa imegeuka aflatoksini M1. Huanza kuonekana ndani ya siku moja. Kuchemsha hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, na kwenye jibini hujikusanya. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 0.05 kwa kilo ya maziwa. Marekani na Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, wanaruhusu 0.5. Anayekunywa maziwa mengi kuliko wote nyumbani ni mtoto.

Kwa hiyo mashudu ya karanga yasiyopimwa, mimi nisingeyaweka horini. Na usidhani kwamba alizeti na pamba zimesalimika. Kuvu huota kwenye mashudu yoyote yenye unyevu. Swali lako kama maziwa ni salama linajibiwa hapa. Mafuta yaliyoshuka hayamdhuru mnywaji. Mashudu yaliyovunda yanamdhuru. Yachukue yakiwa makavu kabisa, yapoe kabla ya kufungwa gunia, yakae juu ya mbao mbali na ukuta, na yasikae zaidi ya wiki chache, kwa kuwa yenye mafuta mengi kama yako huchacha haraka. Yakiwa na mabonge, harufu ya uvundo au rangi ya kijani, usiyachanganye na mazuri ili yapotee humo, yatupe. Ukigundua umeshalisha mabaya, ondoa chakula hicho, na maziwa hujisafisha kwa kiasi kikubwa ndani ya siku nne hadi saba.

Mengine nitayagusa tu. Soya ndiyo yenye protini bora, lakini kwa ng'ombe wa lita 12 si lazima. Soya mbichi isichanganywe kamwe na urea, kwa sababu ina kimeng'enya kinachoigeuza urea kuwa amonia haraka. Mashudu ya kanola hulingana na soya kwa maziwa, na katika majaribio mengi hata huyazidi kidogo. Mashudu ya nazi yana mafuta magumu, hivyo hayaleti ile asidi mbaya, na siagi yake huwa ngumu. Mashudu ya mbarika na ya mbono kaburi ni sumu. Yasiingie kwenye banda hata kama mwenye mashine anayatoa bure.

Baada ya kubadilisha chakula, usitarajie jibu siku ya tatu. Mafuta huanza kupanda ndani ya wiki moja na huchukua wiki mbili hadi tatu kurudi. Pima kila wiki, na upime kwa haki: maziwa ya mwanzo wa kukamua yana mafuta machache mno, ya mwisho yana mengi, kwa hiyo sampuli itoke kwenye maziwa yote ya ng'ombe huyo yaliyokorogwa. Na kama huwa unamwachia ndama amalizie kiwele, tambua kwamba anachukua sehemu yenye mafuta mengi kuliko zote. Hilo peke yake laweza kukushushia kipimo hata kama chakula hakina kosa. Wiki ya nne ikifika na bado uko kwenye 3.1 huku ng'ombe wanacheua vizuri, mpime kila mmoja peke yake kabla hujagusa chakula tena, na mchunguze kila mmoja ugonjwa wa kiwele.